Mengine Atakueleza Mletaji

Kwa miaka sita nilikuwa tarishi. Si tarishi wa serikali mwenye baiskeli na sare, la. Nilikuwa mwalimu wa historia chuoni Tunguu, mwanamke mtu mzima, shahada zangu zimetundikwa ukutani, na bado kila wiki ungenikuta kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe na bahasha mkobani, natoka kwa padri mmoja mzee nakwenda kwa bibi mmoja mzee, kisha nageuza. Kutoka mlango wa huyu hadi mlango wa yule ni mwendo wa dakika nane. Ukiwa na haraka, sita. Mtu ataniuliza, kwani hao hawana miguu? Hawana simu? Walikuwa navyo vyote. Nitaeleza.

Padri nilimfuata kwa ajili ya Kilatini. Nilikuwa nimepangiwa kufundisha somo la mwisho wa dola ya Warumi, zile zama ambazo upande wa magharibi dola ilikuwa inabomoka ukuta mmoja baada ya mwingine, na kilichosalia kwa wingi kutoka zama hizo ni barua. Barua za maaskofu na barua za mamwinyi wa siku hizo, wenye mashamba na majumba na majina marefu. Barua chungu nzima. Mimi nilizisoma kwa Kiingereza, lakini wanafunzi wangu nilitaka wazisome kwa Kiswahili, na Kiswahili chake hakikuwepo. Nikaambiwa yuko padri mstaafu anakaa nyumba ndogo nyuma ya kanisa, Kilatini anakisoma kama watu wanavyosoma gazeti. Nikenda. Nikabisha hodi, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba," akasema, akinitazama tangu mtandio mpaka viatu. "Wewe ndiye unayetaka kufufua wafu?"

"Nataka kuwasomesha watu, Padri."

"Ni kazi ile ile. Kaa kitako."

Tukaanza. Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijakwenda Tunguu, tulikaa meza moja, yeye na Kilatini chake, mimi na daftari langu, na birika la chai ya mkandaa, kavu bila maziwa, lililokuwa limepoa tangu alfajiri. Wazee wake walitoka bara, lakini yeye alizaliwa mjini hapa hapa na Kiswahili chake kilikuwa kinanishinda mimi mwenye mji. Nikikosea neno alinyamaza tu, akanywa chai, akasubiri nione mwenyewe. Tabia hiyo ilikuwa ikinitia wazimu. Mimi ni mwepesi wa hasira, nasema kweli, na mama yangu alishanichoka kwa kuniambia hasira hasara.

Basi hizo barua. Ukizisoma mara ya kwanza utacheka. Askofu wa Galia, nchi ambayo leo ni Ufaransa, anamwandikia mwinyi mwenzake (maana wengi wao walikuwa mamwinyi kwanza, uaskofu ukaja baadaye, na kalamu ikabaki ile ile ya kimwinyi) na ukurasa mzima ni lawama za mapenzi. Mbona umenyamaza? Nimekuandikia mara mbili, hujajibu hata moja, je, huko kwenu wino umekauka? Anamshukuru kwa mkate aliomletea. Anamsifu kwa ufasaha wake. Anajishusha mpaka chini, mwenyewe ni duni, kalamu yake butu. Na huku nje miji inatekwa, njia hazipitiki, watu wanakimbia na watoto mgongoni! Wanafunzi wangu walikuwa wakipiga meza: "Mwalimu, barua nzima hamna kitu!" Na mimi nikicheka nao.

Padri hakucheka. Alinieleza kwamba barua zama zile haikuwa ya mtu mmoja. Njiani inaweza kufunguliwa na yeyote, na ikifika inasomwa kwa sauti mbele ya wageni, watu wanasifu maneno, wengine wanainakili. Nani ataandika siri yake humo? Siri alipewa mletaji, kwa mdomo. Ndiyo maana karibu kila barua, ikikaribia mwisho, inasema kwamba mengine atakueleza mletaji. Mletaji akifika, barua ikishasomwa na watu wakishasifu, anaitwa pembeni, anaulizwa.

"Sisi tumebaki na kifuu," Padri alisema. "Nazi imeliwa zamani."

Sasa Bi. Ndivyo nilivyomwita yule bibi mzee, na nilimjua tangu sijajua kutembea, maana alikuwa jirani yetu Kiponda, na mama yangu akinituma kwake na bakuli la hiki na kile. Babake alikuwa na mashamba ya karafuu na nyumba kadhaa. Alichobaki nacho yeye ni nyumba moja, ghorofa ya juu inavuja, mlango wa nakshi ambao watalii wanaupiga picha bila hata salamu, na adabu. Adabu hiyo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Bi hakuwahi kuomba kitu moja kwa moja maishani mwake. Akitaka umfungulie dirisha alisema, "Leo joto, sijui huko nje kukoje." Ukikosa kuelewa, atakaa na joto lake.

Siku moja nikamtajia kwa mazungumzo tu kwamba nnasoma Kilatini kwa padri mmoja mzee, mzaliwa wa hapa hapa mjini. Bi alikuwa anatafuna tambuu. Akaacha kutafuna.

"Yule mtoto wa mpishi wetu? Yu hai?"

Ndipo nikajua. Mamake Padri alikuwa mpishi wa nyumba ile ile, na hao wawili walikua ua mmoja. Bi aliposomeshwa Kurani chuoni kwa mwalimu, mwenzake alikuwa akikaa nje ya mlango akisikiliza, na jioni wakichora herufi za Kiarabu kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni, wanafuta kabla wakubwa hawajaona. Kisha kila mmoja akachukuliwa na njia yake. Bi aliozwa, akazaa, akafiwa na mume. Mwenzake alikwenda bara kusomea upadri, akarudi na kanzu nyeupe. Walikaa mji mmoja umri mzima na hawakuonana uso kwa uso tangu ujana.

Nikamwambia, "Bi, nimlete? Au nikupeleke? Ni hapo tu."

Akatazama juu kwenye dari. Mwanawe mkubwa alikuwa anakaa naye, mtu wa msikitini, mtu mwema lakini mgumu, na neno lake lilijulikana kabla hajalisema: padri katika nyumba ya mjane wa Kiislamu, hata kwa simu tu, watu watasema. Na watu wa Kiponda kusema wanajua. Bi akatafuna tena kidogo, kisha akasema:

"Barua ni nusu ya kuonana. Sisi nusu yatutosha."

Hivyo ndivyo nilivyogeuzwa tarishi. Macho ya Bi yalikuwa yameshaingia ukungu, kwa hiyo yeye alitamka na mimi nikaandika, kwa herufi za Kiarabu kama alivyotaka, na mwandiko wangu akaulaani kila mara ingawa hauoni. Padri naye akajibu kwa mkono wake, Kiswahili safi kwa herufi za Kiarabu, padri wa kanisa huyo! Nikiipeleka barua yake Kiponda niliisoma kwa sauti, mbele ya yeyote aliyekuwepo: wakwe, majirani, mwuza samaki aliyekuja kudai salamu, na mwanawe mkubwa akiwa nyumbani. Na ndiyo sababu mwanawe hakukataza. Barua inasomwa hadharani, ndani yake hamna ila heshima na dua na habari ya mvua, akataze nini? Hata yeye alikuwa akitikisa kichwa: "Mashaallah, mzee anaijua lugha." Na kila barua ilirudi na kitu. Bi alipeleka mkate wa kumimina umefungwa kwa kitambaa. Padri alipeleka mapera ya ua wake. Mimi nilikuwa nimewekwa katikati, nabeba mapera, nacheka peke yangu njiani kwamba wale maaskofu wa Galia wamehamia Unguja.

Na Padri, kwa kuwa alizoea wale maaskofu wake, kila barua aliimaliza vile vile: mengine atakueleza mletaji. Akishafunga bahasha alinisindikiza mlangoni, ananiinamia sikioni, ananipa ya mdomo. Bi naye, nikishasoma na watu wakishasifu, alikuwa akinisindikiza mpaka ngazini, mkono kwenye reli, na pale juu ya ngazi, mbali na masikio, ananiuliza kwa sauti ya chini: "Na ya mdomo?"

Mwanzoni niliichukua kazi hiyo kwa uaminifu wote. Lakini ya mdomo yenyewe ilikuwa nini? "Mwambie jasmini la dirishani limetoa ua." "Mwambie jana nimeota jikoni kwao." "Mwambie nimekumbuka jina la yule paka." Wallahi, mtu mwenye madarasa matatu siku hiyo, na maswali ya mtihani hayajachapwa, anapanda ngazi za Kiponda kuwasilisha paka. Nikaanza kupunguza. Paka nikamsahau kwa bahati mbaya, jasmini nikalisahau kwa makusudi. Bi akiuliza, "Na ya mdomo?" mimi nikasema, "Salamu tu, Bi." Akasema, "Ahsante," akarudi ndani. Padri hakuniuliza kama nimefikisha, na Bi hakulalamika. Nikaona basi, hakuna aliyepungukiwa. Ikawa ndiyo jawabu langu la siku zote, salamu tu, salamu tu, mpaka mdomo ukalisema wenyewe bila ya mimi.

Ujinga huo ndio uliokuja kuniumbua.

Jumatatu moja nilimpelekea Padri kazi nzima ya kutafsiri, barua thelathini zimepigwa chapa, tayari kwa wanafunzi. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyejifungua. Akavaa miwani, akasoma kimya, kurasa tatu, nne. Akanywa chai. Nikajua pana jambo.

"Mletaji yuko wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimemtoa. Ule msemo wa mwisho niliukata katika barua zote thelathini, maana unajirudia, unachosha, na nilishaamua kwamba ni mazoea ya kalamu tu, kama sisi tunavyoandika natumai hujambo. Nikamweleza. Akavua miwani.

"Umeikata ulimi barua," akasema. "Rudisha."

"Padri, wanafunzi wa leo watalala."

"Walale. Rudisha."

"Ni mazoea tu, haina maana yoyote!"

"Mwanangu, hiyo ndiyo barua. Huko juu kote ni kanzu tu."

Tukazozana, mimi kwa sauti, yeye kwa kunyamaza, na kunyamaza kwake kulinikera kuliko makelele. Nikakusanya karatasi zangu kwa fujo. Saa nayo ilikuwa inanikimbia. Akanipa bahasha ya Bi, akanifuata mlangoni na fimbo yake, polepole, na pale mlangoni akaniinamia kama kawaida. Mkono wake ulikuwa umenishika kiwiko.

Akaniambia kwamba Alkhamisi anaondoka. Wakubwa wake wamekata shauri kumpeleka bara, kwenye nyumba ya mapadri wazee, kwa sababu ya moyo wake, na harudi tena. Hilo hakuliandika, kwa kuwa barua itasomwa mbele ya watu, na hakutaka Bi alisikie mbele ya watu. Akasema: "Mwambie Jumatano nitakaa bustani ya Jamhuri, pale Vuga, tangu Alasiri. Yeye ana jamaa zake Vuga, hatakosa sababu ya kupita. Asisimame kama haifai. Apite tu, nimwone. Na akiweza kusema neno moja, niisikie sauti yake."

Nilisikia kila neno. Siwezi kujitetea kwamba sikusikia. Lakini nilikuwa nimefura, nasikia huku kichwani nakijibu kile kisa cha ulimi, na nikatoka pale nikiwa nimeshapata majibu matatu makali ambayo ningempa.

Kiponda nikakuta wageni, wanawake watatu wa mtaani. Nikasoma barua. Ilikuwa nzuri kuliko zote, nakumbuka mmoja wa wale wanawake alishika kifua akasema, "Ee, maneno yanayeyuka." Ndani yake hamkuwa na safari. Mwishoni, mengine atakueleza mletaji. Bi akainuka, akanisindikiza ngazini, mkono kwenye reli.

"Na ya mdomo?"

"Salamu tu, Bi," nikasema, na nilikuwa nimeshashuka ngazi mbili.

"Ahsante, mwanangu. Nenda salama."

Nilikumbuka nilipopita Mwanakwerekwe. Nakumbuka hata gari lililokuwa mbele yangu, limepakia magodoro. Nikashtuka, nikasema kwa sauti peke yangu, "Lahaula!" Na kugeuza gari ningeweza. Lakini darasa lilikuwa linasubiri, leo ni Jumatatu, na hiyo Jumatano bado iko. Kesho nitapita, nikasema. Kesho yake akaja mkaguzi wa mitihani kutoka bara, nikashikwa mpaka jioni. Jumatano asubuhi nikasema nitatoka mapema, saa saba nipo Kiponda. Saa saba kikao cha idara hakijaanza. Saa tisa tulikuwa bado tunabishana juu ya ratiba, na mimi ndiye niliyekuwa nabishana zaidi ya wote. Kwa nini sikuinuka? Mtu anainuka akisema nini? Samahanini, nimetumwa na padri kumwita bibi bustanini? Niliuonea haya ule utarishi wangu. Hilo ndilo la ukweli, na limenichukua muda kulikubali.

Nimefika Vuga muadhini anaadhini Magharibi. Padri alikuwa bado amekaa kwenye benchi, kanzu nyeupe imepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi, fimbo katikati ya magoti. Watu wanapita na pakiti za njugu, watoto wanakimbizana, na yeye amekaa wima kama mtu aliyesubirishwa ofisini. Aliponiona akatabasamu, akasogea kunipa nafasi.

"Hakuja," akasema.

Nikakaa. Mkoba nikauweka magotini.

"Ulimwambia kama nilivyokwambia?"

Hapa ndipo palipokuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Kiponda si mbali. Ningeweza kusema, Padri, sikumwambia, nisubiri hapa, na ningekwenda mbio, ningempandia Bi zile ngazi, hata kama ni kumbeba mgongoni. Na kama jioni imekwisha, asubuhi ilikuwepo, boti haliondoki alfajiri. Badala yake nikamtazama mzee yule machoni, mimi mwalimu wa watu.

"Naam," nikasema. "Nilimwambia."

Akatikisa kichwa polepole. Hakuonyesha kukasirika. "Basi ana sababu zake," akasema. "Usimlaumu. Na wala usimuulize." Kisha akaniomba nimpe mkono ainuke, nikampeleka mpaka mlangoni kwake, na njiani akanizungumzia zile barua thelathini, akasema nizifanye nitakavyo, mimi ndiye ninayewajua wanafunzi wangu.

Alkhamisi akaondoka. Mimi sikwenda bandarini, nilijitia nina kazi.

Bi alizipata habari kwa watu, siku ya tatu, kutoka kwa mwanamke mmoja wa wale watatu. Nilipokwenda alikuwa amekaa na tasbihi yake. "Rafiki yetu kasafiri," akasema. Nikasema, "Nimesikia, Bi." Nimesikia! Akangoja. Sasa najua alikuwa akiningoja mimi niseme kitu, kwa namna yake ya kutoomba. Nikaulizia joto la siku ile.

Baada ya miezi miwili ikaja barua ya Padri, imeletwa na mtawa mmoja aliyekuja likizo. Nikaisoma Kiponda. Mwandiko ulikuwa unatetemeka. Alisifu hewa ya huko, aliulizia afya ya kila mtu wa nyumba ile mpaka mwanawe mkubwa, akajilaumu kwa uandishi wake duni. Mara hii hakuandika kwamba mengine ataeleza mletaji. Nilipomaliza nikashika kalamu nisubiri Bi atamke jibu.

"Weka kalamu," akasema.

"Bi, hutomjibu?"

"Aliyeondoka bila ya kuniaga hana haja na majibu yangu."

Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake. Neno lilinijia mpaka ulimini. Nikaliona lilivyo kubwa, nikaliona na mimi nilivyo mdogo pembeni yake, nikalimeza. Nikajiambia nitasema wiki ijayo, akiwa na furaha. Na ikaja barua ya pili, fupi, akiuliza kama ile ya kwanza ilifika. Yaani Padri, baada ya kuwasoma miaka yote wale maaskofu wake na lawama zao za mbona umenyamaza, sasa aliiandika yeye, na hakuiandika kwa ufasaha. Bi hakujibu hata hiyo. Aliniambia niiweke pamoja na zile nyengine, ndani ya kasha.

Padri akafariki kabla ya Ramadhani. Mimi ndiye niliyepeleka habari Kiponda. Bi akasema, "Sisi ni wa Mungu na Kwake tutarejea," akaniomba maji ya kunywa, na habari ya Padri haikutajwa tena baina yetu kwa mwaka na nusu. Nilikuwa nakwenda, nampelekea matunda, namsomea magazeti. Kila nikishuka zile ngazi nilikuwa nasikia aibu miguuni.

Aliyenivunja ni mwanafunzi. Mama mtu mzima kutoka Tumbatu, amezaa watoto wanne ndipo akarudi kusoma, anakaa mbele kabisa na hacheki ovyo. Nilikuwa nafundisha zile barua. Ule msemo niliurudisha, katika zote thelathini, baada ya kufa kwa Padri nilikaa nikaurudisha mmoja mmoja. Nikawaeleza wanafunzi habari ya mletaji, siri inavyokwenda kwa mdomo, sisi tulivyobaki na kifuu. Yule mama akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na huyo mletaji akiwa muongo?"

Nikampa jibu la kisomi. Nikasema kwamba mletaji alichaguliwa kwa uaminifu wake, na kwamba kwa bahati mbaya sisi hatuna namna ya kujua.

"Si sisi," akasema. "Nnawaulizia wale wawili. Wao watajuaje?"

Nikawaambia darasa limekwisha. Ilikuwa bado dakika ishirini.

Nilikwenda moja kwa moja Kiponda, kwa nguo zile zile na chaki mikononi. Bi alikuwa peke yake, karibu na dirisha, macho sasa hayaoni ila mwanga. Nikakaa chini juu ya mkeka, nikamshika miguu, nikamwambia yote: mlango wa Padri, bustani, ngazi, gari la magodoro, kikao, benchi, na lile naam. Nilisema bila kupumua maana nilijua nikipumua nitanyamaza. Nililia, ndiyo, nililia kama mtoto, na sikumwona kama ananitazama kwa sababu hakuwa na macho ya kunitazama nayo.

Shanga za tasbihi zilikuwa zimesimama mkononi mwake.

"Alivaa nini?" akauliza.

"Kanzu nyeupe, Bi. Imepigwa pasi. Na viatu vimepakwa rangi."

"Alikaa kiasi gani?"

"Tangu Alasiri mpaka Magharibi."

Akaihesabu ile jioni, niliona midomo yake inakwenda. "Jumatano ile mwanangu alikuwa Pemba," akasema. "Mimi nilikuwa hapa hapa, nimekaa. Sikuwa na kazi yoyote."

Nikasema, "Nisamehe, Bi."

"Unajua nilisema nini aliposafiri? Nilisema moyoni, mtoto wa mpishi ni mtoto wa mpishi tu, adabu ataitoa wapi." Akafuta uso kwa ncha ya leso. "Nilimsema hivyo moyoni kwa miezi yote ile. Na yeye kumbe yuko huko ananisubiri."

Nikarudia, "Nisamehe, Bi. Kwa haki ya Mungu, nisamehe."

Akaniwekea mkono juu ya kichwa. Ulikuwa mwepesi, hauna uzito kabisa.

"Haki yangu nimekusamehe, mwanangu, duniani na akhera. Ya kwake siwezi kukupa. Hiyo mwombe mwenyewe."

"Bi," nikasema, "mwenyewe ameshakufa."

"Nnajua," akasema, na akaniondolea mkono kichwani.